Tume ya Kengele ya Wamagana

Wamagana, Nyeri
11 Juni 1979

Shemeji Tryphosa,

Kwa niaba ya Mwalimu Mkuu, walimu, wapishi na ng'ombe wawili wa shule, nina jukumu zito la kukutangazia kwamba kengele yetu inachelewa. Jumatano iliyopita Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Kihara, alifungua redio asikilize taarifa ya habari ya saa moja jioni, na mtangazaji aliposema tu "hamjambo", nje ikalia kengele ya saa kumi na mbili. Mwalimu Mkuu alitoka nje na leso ya chakula shingoni. Kesho yake akaunda tume ya uchunguzi. Mwenyekiti wa tume ni mimi, kwa sababu ni mimi ninayeshika saa ya shule na nyundo ya kengele, na kwa hivyo inaaminika nina ujuzi.

Usicheke. Hicho kipande cha reli tunachokiita kengele, kinachoning'inia kwenye mwerezi, ndicho serikali ya kijiji hiki. Waithira, jirani yetu wa maziwa, hukamua kwa kengele yetu. Sasa lori la maziwa limemwacha mara mbili. Jana alinisimamisha njiani, mtungi kichwani: "Mwalimu, hii kengele yako iko na shida gani? Ati imezeeka kama wewe?" Nikamwambia tume inakaa. Akasema, "Kaeni tu. Maziwa nayo imekaa, imeganda, imekuwa mala."

Dada yako Gaudencia hajambo, na tumbo liko mwezi wa saba. Wewe ni mkunga, huhitaji somo, lakini mimi ni mwalimu wa bayolojia na siwezi kujizuia. Kope zake bado zinashuka mchana kama mapazia. Unakumbuka nilivyomwita Mama Usingizi mwaka mzima mbele ya wageni, nikidhani hadithi zangu ndizo zinazomlaza, mpaka yule daktari wa Nairobi alipomdunga sindano moja na kope zikapanda nikiona kwa macho yangu. Nilicheka kwa furaha, kisha nikatoka nje nikalia nyuma ya gari la watu nisiowajua. Ndipo tukapewa vidonge vitano kwa siku, kimoja kila baada ya masaa manne. Alfajiri, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Kengele za shule hulia saa hizo hizo, na Gaudencia hana saa, kwa hiyo kengele ikilia, yeye anameza. Redio ingemsaidia, lakini betri zimekwisha na mimi kila siku nasahau kununua.

Tumepoteza wawili, Shemeji. Huyu wa tatu amefika mbali kuliko wote. Naandika hivi kwa mzaha kwa sababu nikiandika kwa njia nyingine sitamaliza barua.

Shemeji yako,
Barnabas Wandera


Kerugoya
18 Juni 1979

Shemeji Barnabas,

Nimesoma barua yako wodini, nikacheka kwa sauti, mgonjwa mmoja akadhani namcheka yeye. Ilibidi nimsomee kipande cha maziwa.

Sasa acha mzaha kidogo. Mimi naona akina mama wa kawaida kila siku, na nina hofu nao wa kutosha. Dada yangu si wa kawaida. Ugonjwa wake hauui kwa kelele. Unachosha misuli, na koo ni misuli, na kifua ni misuli. Kidonge kikichelewa, chakula kinakuwa hatari. Mwangalie anapomeza. Sikiliza sauti yake jioni: ikianza kupitia puani, niite siku hiyo hiyo, usingoje barua.

Na umnunulie betri, mzee. Duka la Wamagana halijahama.

Tryphosa


Nairobi
25 Juni 1979

Mwalimu wangu mpendwa,

Nimepata barua yako ya pili. Naona umekuwa mwanafunzi na mimi mwalimu, nami nafurahi sana, kwa maana uliwahi kunipa alama nne kati ya kumi kwa mchoro wa chura.

Unauliza tena kuhusu mayai, nami najibu kwa utaratibu. Hapa maabara tunatazama misuli ya kifaranga inavyojengeka ndani ya yai. Kwenye utando wa kila seli ya msuli kuna vipokezi, yaani vilango vidogo vinavyopokea ishara kutoka kwa neva. Mwanzoni vilango vimetapakaa kila mahali, kama watu sokoni. Kisha neva inafika, inagusa msuli, na vilango vinahama na kukusanyika pale pale neva ilipogusa. Vile vya kwingine vinafifia. Ukiikata neva, vinatapakaa tena. Neva inauambia msuli nini hasa? Bado hatujui. Lakini kuna maneno yanayopita, na msuli unatii.

Ulitaka kujua zaidi juu ya zile dawa tunazodondosha ndani ya mayai. Ndiyo, ni za jamii ile uliyoitaja, zinazofanya ishara ya neva ikawie kwenye kilango badala ya kupita na kwisha. Ishara ikikawia mno, malezi ya msuli yanavurugika. Vifaranga wengi hutoka miguu imepinda na shingo imekakamaa. Umeuliza kama miguu hunyooka baadaye. Hapana, Mwalimu. Hainyooki.

Wanafunzi wa kidato cha nne siku hizi wana bahati, kama ndiyo mambo unayowafundisha! Nisalimie mama. Sijasahau chapati zake.

Mwanafunzi wako,
Mutahi


Wamagana
2 Julai 1979

Mdogo wangu Tryphosa,

Barua hii nampa Waithira aitie posta mjini, ili Barnabas asiione. Usimjibu kana kwamba nimekuandikia.

Naandika asubuhi, baada tu ya kidonge cha kwanza, wakati mkono bado ni wangu. Ikifika saa sita ninashika kalamu kwa mikono miwili.

Sauti yangu inapitia puani. Jana nilimwita kuku nikajisikia kama mtu anayezungumza ndani ya debe. Chai inarudi. Nimejifunza kumeza kidevu kikiwa kifuani, na nasema "subiri kidogo" kama mtu anayewaza. Barnabas hajaona, au ameona. Siku hizi anacheka mno. Unajua anavyocheka akiwa ameficha kitu? Anakaa mkabala nami wakati wa kula, ananitazama koo, kisha anasimulia habari za tume yake ya kengele mpaka sahani inapoa.

Mimi nameza kila kengele inapolia. Sijakosa hata moja, isipokuwa ile ya usiku, maana usingizi hunichukua kabla haijalia. Zamani nilikuwa naisubiri bila shida. Sasa naona siku imekuwa ndefu kuliko nguvu zangu. Ugonjwa unanishinda, Tryphosa, na dawa ni zile zile. Juzi nilitaka kumeza kimoja kabla ya wakati. Nikaogopa. Barnabas huvihesabu kila jioni, na sikutaka ajue nimefikia huko.

Mtoto anapiga teke, lakini polepole, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ya matajiri. Nahesabu. Jana saba. Leo, mpaka sasa, mawili. Je, huu ugonjwa wangu unaingia ndani yake? Ukijua, niambie. Ukijua na ni vibaya, niambie pia.

Dada yako,
Gaudencia


Kerugoya
9 Julai 1979

Shemeji Barnabas,

Hujajibu barua yangu, na mtu mwenye maneno mengi kama wewe akinyamaza, mimi hufunga mkoba wa safari.

Nakuuliza maswali matatu na unijibu kwa namba, bila hadithi. Moja, dada yangu anameza vidonge vingapi kwa siku? Mbili, sauti yake ikoje jioni? Tatu, utampeleka lini kwa daktari Nyeri? Nilimuuliza daktari wetu hapa, akasema mjamzito wa namna hii wakati mwingine huhitaji dawa zaidi, siyo chini. Zaidi, Shemeji. Na akasema azalie hospitalini, si nyumbani, kwa maana mtoto naye huweza kuzaliwa amelegea.

Sitaki kukutisha. Basi, nataka kukutisha kidogo.

Tryphosa


Wamagana
14 Julai 1979

Shemeji,

Moja: anameza kila kengele inapolia, naapa mbele ya Mungu na Bwana Kihara. Mbili: sauti ni ya mtu aliyechoka, na baridi hii ya Julai, ukungu haujainuka tangu Jumapili, nani hajachoka? Tatu: Jumatatu ya tarehe 23 gari la shule linashuka Nyeri kuchukua mahindi, nasi tutapanda.

Tume imetoa ripoti. Tumegundua kwamba saa ya shule ina vumbi. Mwalimu Simeon wa kilimo, ambaye ni mjumbe, aliuliza mbona saa ya alfajiri iko sawa, ya saa nne imechelewa dakika ishirini, ya saa nane arobaini, na ya jioni saa nzima. "Hilo vumbi," akasema, "linaongezeka mchana na kupungua usiku?" Nikamjibu kama mwenyekiti kwamba swali lake limeandikwa. Watu wa kilimo ni wasumbufu. Wamezoea vitu vinavyoota kwa wakati.

Tryphosa, wewe umewahi kumpokea mtoto aliyepinda miguu? Ambaye tangu tumboni hakujinyoosha? Usimwambie dada yako kwamba nimeuliza. Nimeuliza tu, kama mwalimu.

Barnabas


TELEGRAMU
Nyeri, 19 Julai 1979

GAUDENCIA HOSPITALINI NYERI KUPUMUA SHIDA NJOO UPESI
WANDERA


Nyeri
29 Julai 1979

Mpendwa Mutahi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi ya hospitali, kwa hiyo mwandiko uusamehe. Nilikupa alama nne kwa chura. Leo ningejipa sifuri kwa mambo mengine.

Sikuwa nafundisha kidato cha nne mambo ya vipokezi. Ni mke wangu. Ule ugonjwa wa kope nilioutania mbele yako ulipokuja kula chapati una jina refu, na dawa yake ni ya jamii ile mnayodondosha kwenye mayai. Tarehe 19 alipaliwa na chakula mchana, akageuka rangi, pumzi ikakata. Gari la shule lilimleta hapa akiwa amelala mapajani mwa jirani yetu Waithira. Walimwekea mpira kooni, wakamdunga sindano, pumzi ikarudi. Siku ya tano uchungu ukamshika, mapema kwa wiki tatu na zaidi. Mtoto wa kike. Kilo mbili na robo.

Nilimfunua kabla hata ya kumwangalia uso. Nikanyoosha goti la kulia, nikanyoosha la kushoto. Mutahi, miguu imenyooka kabisa. Nikapiga magoti.

Lakini siku ya pili akalegea. Hanyonyi. Akilia, uso haukunjamani, na sauti ni ya paka aliyefungiwa chumba kingine. Ukimwinua, mikono inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Shemeji yangu Tryphosa, mkunga, alikuja kutoka Kerugoya na hajavua viatu tangu siku hiyo. Wanamlisha kwa mpira mwembamba unaopita puani.

Nataka uniambie bila kunihurumia. Je, ni dawa? Na kama mama angemeza chache zaidi, mtoto angekuwa na nguvu?

Mwalimu wako,
B. Wandera


Nairobi
2 Agosti 1979

Mwalimu wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kumwamsha daktari mmoja anayefundisha hapa ili nisikuandikie upuuzi. Haya ndiyo aliyosema, nami nayaandika kama nilivyoyaelewa.

Si dawa. Mwili wa mama una askari ndani ya damu, na askari hao wamekosea adui: wanashambulia vile vilango vya misuli. Wengine wanaviziba, wengine wanausukuma utando wa seli uvimeze kabla ya wakati wake. Askari hao hupita kwenye kondo na kumfuata mtoto. Mtoto hana kosa na hana ugonjwa. Ana askari wa kuazima. Nao hawazaliani ndani yake, wanakufa mmoja mmoja, wiki baada ya wiki. Kila siku seli zake zinatengeneza vilango vipya, neva inaviita, vinakusanyika mahali pake. Daktari anasema wengi hupona kabisa kabla ya miezi miwili. Mpaka hapo wapewe kiasi kidogo sana cha dawa ile ile kabla ya kulishwa. Ndiyo, Mwalimu, ile ile.

Kuhusu mayai, naona aibu. Kama ungeniambia ni mama, ningekuandikia barua nyingine kabisa. Dawa tunayodondosha kwenye yai moja, ukilinganisha na uzito wake, ni mara mia kadhaa zaidi ya kidonge cha mtu. Tunafanya hivyo makusudi, ili tuone kinachoharibika. Tena vidonge vya mama kwa shida sana hupita kwenye kondo. Na yai halina mama, Mwalimu. Hakuna wa kulichujia. Lolote tunalolitia, linabaki nalo peke yake mle ndani.

Unauliza kama kumeza chache kungemsaidia mtoto. Hapana. Kungemfanya mama akose pumzi, na pumzi ya mama ndiyo pumzi ya mtoto.

Natumaini hukupunguza.

Mutahi


Kerugoya
2 Septemba 1979

Baba Nekesa,

Sijawahi kukuita hivyo kwa maandishi. Nimeiandika pembeni mara tatu kwanza, nikijaribu kalamu.

Nekesa wetu analia! Juzi alikunja uso wote, ngumi mbili, sauti ikatoka mpaka wagonjwa wa wodi ya Tryphosa wakaisikia, kwa maana nyumba yake, tunamokaa tangu tutoke Nyeri, iko nyuma tu ya wodi. Tryphosa alikuja mbio na mikono yenye sabuni, akasimama mlangoni akasema, "Nani anaua nguruwe?" kisha akakaa chini akalia. Sasa ananyonya hadi anatoa jasho puani. Wamemwachisha ile dawa tangu wiki iliyopita. Miguu yake umeiona, anapiga nayo.

Mimi pia nina nguvu. Nakuandikia mchana, na kalamu naishika kwa mkono mmoja. Sauti imerudi mahali pake. Naweza kula, nikazungumza, nikala tena. Na hapo ndipo ninapotaka unisaidie.

Hapa hakuna kengele. Tryphosa alinipa saa yake ya mkononi akasema, "Masaa manne, Dada, usibahatishe." Nameza vile vile vidonge, kutoka kwenye kopo lile lile. Hakuna aliyeniongezea hata kimoja. Lakini siku ya kwanza hapa nilishangaa wakati wa kidonge ulipofika, maana nilikuwa bado nina nguvu. Nikadhani saa imeharibika. Kesho yake hivyo hivyo. Na cha usiku nakimeza nikiwa macho.

Masaa manne ya Kerugoya ni mafupi kuliko ya Wamagana. Nimekaa na jambo hili wiki mbili nikimnyonyesha mtoto. Nimekumbuka redio. Nimekumbuka maziwa ya Waithira. Nimekumbuka tume, na ulivyokuwa ukinisimulia mpaka sahani inapoa.

Sijamwambia Tryphosa. Nakuuliza wewe, kwa sababu ni wewe uliyekuwa na nyundo.

Mama Nekesa


Wamagana
9 Septemba 1979

Mama Nekesa,

Nimeandika barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa na mzaha mwanzoni. Ya pili pia. Hii haina. Ukikuta mahali inaelekea kuchekesha, ujue ni mazoea ya mzee mwoga.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa nne nilimwandikia Mutahi, nikamuuliza juu ya dawa za jamii ya vidonge vyako kana kwamba nauliza kwa ajili ya darasa. Akanijibu kwamba vifaranga waliopewa dawa hizo ndani ya yai hutoka wamepinda. Barua hiyo ilifika siku ya Ijumaa. Uliniuliza Mutahi anasemaje, nikasema anakusalimu.

Sikulala siku tatu. Niliwaona wale wawili wa kwanza, ambao hatukuwahi hata kuwapa majina, nikafikiri: huyu wa tatu tutamzaa na tutampindisha sisi wenyewe kwa mkono wetu, kila masaa manne. Jumatatu nikatoa betri kwenye redio, nikakwambia zimekwisha. Ziko ndani ya buti langu la mvua mpaka leo. Kisha nikaenda shuleni nikairudisha saa nyuma dakika ishirini kabla ya kengele ya saa nne. Kabla ya kila kengele nikairudisha dakika ishirini nyingine, na kabla ya alfajiri nikaiweka sawa. Kwa njia hiyo kengele ya usiku ililia ukiwa umelala, nami sikukuamsha. Vitano vikawa vinne. Ndiyo sababu nilikuwa navihesabu jioni.

Watu mia tatu walikula chakula kwa kuchelewa kwa sababu yangu. Waithira alimwaga maziwa. Nilikalia kiti cha mwenyekiti nikajichunguza mwenyewe na nikajikuta sina hatia.

Nilikuona. Usidhani sikukuona. Niliona kidevu ulivyokishusha ili umeze. Nilisikia sauti puani, kabla Tryphosa hajaniuliza. Kila nilipoona, niliogopa, na kila nilipoogopa nilijiambia: wiki chache tu, miguu ya mtoto inajengeka sasa, mama atapona baadaye. Nilikuwa natoa pumzi yako kidogo kidogo na kumlipia mtu ambaye hakuwa anadai. Mutahi alishaniandikia kwamba dawa haikuwa na hatia yoyote, na kwamba ulegevu wa Nekesa ulitoka kwenye damu, si kwenye vidonge, na ungekuja tu hata kama kengele ingelia sawasawa. Daktari wa Nyeri alisema vivyo hivyo. Lakini ile siku ya kupaliwa haikutoka kwenye damu peke yake. Nilimuuliza daktari nje, mlangoni, na akaniambia dawa ilikuwa imechelewa mno.

Siku ile, tarehe 19, ulipika maharagwe. Ulikula saa nane kamili ukingoja kengele ilie ndipo umeze kidonge, ukadhani bado ni saa saba na nusu. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya mwerezi na nyundo mkononi, naangalia saa yangu. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimebaki kwa hesabu yangu ya uongo. Ukungu ulikuwa mzito, sikuuona mlango wa nyumba yetu. Nikamsikia Waithira akipiga kelele, "Mwalimu! Mwalimu! Mama anakufa!" Nikaanza kupiga kengele. Mpaka leo sijui kwa nini. Badala ya kukimbia, nilipiga kengele kama kichaa, kana kwamba ikilia utameza na utapona. Ni Waithira aliyeninyang'anya nyundo. Alinisukuma mgongoni mpaka nyumbani. Hajawahi kuniuliza. Nadhani anajua.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo lililonifanya nirarue zile barua tatu. Nilijiambia nimekuficha ili usiwe na wasiwasi. Si kweli. Nilikuficha kwa sababu ningekwambia, ungekuwa na la kusema. Ungesema, "Barnabas, andika tena, uliza vizuri, mwambie ni mimi." Ndivyo ungesema, nakujua, na siku tano baadaye tungekuwa na jibu. Niliogopa zaidi kusikia wewe ukiamua kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Ilikuwa rahisi kuidanganya shule nzima kuliko kukaa nawe mezani.

Jumatatu iliyopita nilimwambia Bwana Kihara, wote wamekaa, chumba cha walimu. Kisha akaomba nyundo, nikampa. Sasa kengele anapiga Simeon, na kila kitu kinaota kwa wakati. Kwa Waithira nilikwenda mwenyewe. Alinisikiliza huku anakamua, hakugeuza kichwa, akasema, "Mimi niko na ng'ombe, yeye iko na maisha. Kwa nini unaanza na mimi?" Basi nimeanza na wewe, ingawa nimechelewa.

Mweleze Tryphosa, au mpe barua hii aisome. Kama hutarudi Wamagana shule ikifungwa, sitakuja kukulazimisha. Kama utarudi, betri zitakuwa ndani ya redio.

Ndani ya kifurushi hiki kuna soksi yangu ya sufu, na ndani ya soksi kuna saa yangu ya mkononi. Ni yako. Asubuhi hii nimeilinganisha na redio ya Bwana Kihara kwenye taarifa ya saa moja, mara mbili. Hata hivyo usiniamini. Ilinganishe na ya Tryphosa kwanza, ndipo umeze.

Barnabas